Mizani Kumi na Mbili: Siku Tisa Ufilipino

Dada yangu alikaa Muscat miaka 11, akifanya kazi za ndani nyumba moja na mwanamke wa Kifilipino. Alirudi Tanga na masanduku mawili, magoti yanayouma na daftari moja la ganda la buluu. Humo mna hesabu za mshahara, namba za simu, mapishi, na ukurasa mmoja wenye mistari minne ya lugha ambayo nyumbani kwetu hakuna aliyeijua. Ameiandika kwa kufuata sikio, kwa tahajia ya Kiswahili, na mwisho wa kila mstari ameweka ritifaa, ile ya ng'ombe na ng'ambo. Nilidhani ni pambo tu. "Mwenzangu alikuwa akiighani kila akipiga pasi," aliniambia. "Nikamwambia nipe na mimi."

Mimi nafundisha Kiswahili sekondari. Mwalimu wa ushairi akiwekewa mistari minne mbele yake huhesabu mizani kabla hajauliza maana. Nikahesabu kwa vidole: 12. Wa pili, 12. Yote minne 12, na kila mmoja unapumua katikati, sita kwa sita. Nilihesabu mara tatu ili nijiridhishe. Ng'ambo ya bahari yote ile kuna watu wanaopima maneno kwa kipimo chetu!

Nilichanga kwa miaka miwili. Mwenzake dada alikwisha kurudi kwao, mkoa wa Bulacan, kaskazini mwa Manila. Nitamwita Ate, yaani dada mkubwa, kwa kuwa ndivyo ninavyomwita. Yeye aliniita bunso kabla hatujaonana hata kwa simu. Bunso ni kitinda mimba.

Jumatatu, 25 Machi

Nimefika Manila jioni kupitia Doha. Sisi tuko katikati ya Ramadhani, wao wameingia Wiki Takatifu. Mpwa wa Ate, binti wa chuo kikuu, alinipokea uwanja wa ndege. Aliushika mkono wangu akaugusisha kwenye paji la uso wake, akasema, "Mano po, Tito." Tito ni mjomba, na hiyo po ni heshima wanayoichomeka kwenye kila sentensi wakisema na mkubwa. Nilimkumbuka bibi yangu, aliyekuwa akitunyoshea mkono tuubusu kabla hajaitikia marahaba.

Foleni ya magari ilitupa muda wa kuokota maneno redioni. Meza ni mesa. Wao waliipata kwa Wahispania, sisi kwa Wareno. Asante ni salamat, na salama imo ndani yake. Mahakama ni hukuman, na humo nasikia hakimu na hukumu: Kiarabu kiliwafikia kwa mikono ya Wamalei. Pera kwao ni fedha. Nimemweleza binti kwamba kwetu pera huliwa, akacheka mpaka dereva akageuka.

Jumanne, 26 Machi

Ngome ya Santiago, ndani ya mji mkongwe wa Intramuros. Humu ndimo José Rizal, mwandishi na shujaa wa taifa lao, alimofungwa tangu Novemba 1896 hadi alfajiri ya tarehe 30 Desemba, alipotolewa akapelekwa uwanja wa Bagumbayan kupigwa risasi na watawala wa Kihispania. Alikuwa na miaka 35. Ardhini, kuanzia pale alipokaa, wameweka nyayo za shaba zinazofuata njia aliyopita asubuhi ile. Nilitembea pembeni yake. Wageni wengine walizikanyaga na kupigwa picha. Mimi miguu ilikataa.

Alikuwa daktari wa macho, mtoto wa saba kati ya 11 wa familia ya Calamba, na aliandika riwaya mbili. Ya kwanza, Noli Me Tangere, ilichapishwa Berlin mwaka 1887, nakala 2,000, kwa fedha za kukopeshwa na rafiki yake Maximo Viola, maana mwandishi mwenyewe alikuwa hana kitu mfukoni. Inamhusu kijana anayerudi kutoka Ulaya akitaka kujenga shule, na jinsi nguvu za mapadri wa Kihispania zinavyommaliza. Ya pili, El Filibusterismo, ilitoka Ghent mwaka 1891, na ameitabaruku kwa mapadri watatu wazalendo walionyongwa Manila mwaka 1872. Baada ya hizo mbili, jina la Rizal likawa hatari kutajwa mbele ya mtawala.

Binti anazijua zote. Sheria ya mwaka 1956 inataka zisomwe shuleni na vyuoni, na Kanisa lilipigana nayo vikali kabla haijapita. Anayemkumbuka zaidi si shujaa wa hadithi bali Sisa, mama aliyerukwa na akili kwa kuwatafuta wanawe wawili, Basilio na Crispín. "Darasa zima tulilia, Tito."

Nikamuuliza lililokuwa likinikera tangu nyumbani. Rizal alizaliwa na Kitagalogi, lugha ya Manila na mikoa jirani, kinywani, akaandika Kihispania, lugha ambayo Wafilipino wengi wa siku zake hawakuweza kuisoma. Kwetu, mtu akiandika hivyo tungemuuliza: unamwandikia nani? Binti alifikiri kidogo. "Waliotakiwa kuisoma kwanza ndio waliokuwa wakitutawala," akasema. Sikuwa na jibu, na mpaka naandika haya bado sinalo.

Kilichonishika koo ni habari ya jiko dogo la spiriti. Usiku wa mwisho familia ilikuja kumuaga. Alimwachia dada yake Trinidad jiko lile, akamnong'oneza kwa Kiingereza, ambacho walinzi hawakukijua, kwamba kuna kitu ndani. Ndani mlikuwa na shairi la beti 14, mistari mitano kila ubeti, halina kichwa. Leo dunia inaliita Mi último adiós, buriani yangu ya mwisho. Niliwahi kuwafundisha wanafunzi kwamba shairi ni mzigo mwepesi kuliko yote wa kubeba. Sikujua kwamba liliwahi kupita mbele ya askari likiwa ndani ya jiko.

Jumatano, 27 Machi

Joto la Manila ni la Tanga ya Februari, ila hapa hakuna upepo wa bahari unaofika mtaani. Tulianza Paco, makaburi ya zamani yenye ukuta wa duara, sasa ni bustani. Hapa walimzika Rizal kwa siri, bila jeneza. Dada yake mwingine, Narcisa, alizunguka makaburini mpaka akaona udongo mbichi na walinzi, akamwomba mtunzaji aweke jiwe lenye herufi R.P.J., yaani jina la kaka yake likiwa limegeuzwa. Mifupa yake ilihamishiwa chini ya mnara wa Luneta, uwanja uleule wa Bagumbayan, mwaka 1912. Nimegundua kwamba Rizal alibebwa na dada zake mwanzo hadi mwisho, na nimemwandikia wangu ujumbe papo hapo.

Paco hiyohiyo ndipo alipozaliwa Nick Joaquin mwaka 1917. Aliacha shule mapema, akajisomea mwenyewe, akafanya kazi ya kusahihisha prufu gazetini kabla hajawa mwandishi anayetajwa wa kwanza wao wakitaja waliochagua Kiingereza. Lakini Kiingereza chake kina mwendo wa Kihispania na uvumba wa makanisa ya kale. Tamthilia yake maarufu, A Portrait of the Artist as Filipino, inawahusu dada wawili, Candida na Paula, katika nyumba kuukuu ya Intramuros mwezi Oktoba 1941, wakikataa kuuza mchoro wa baba yao. Mwaka 1945 vita viliisaga Intramuros karibu yote, kwa hiyo anayeisoma leo anaiona nyumba ambayo haipo.

Ninachompendea zaidi hakimo kitabuni. Mwaka 1976, Rais Ferdinand Marcos akitawala kwa sheria ya kijeshi, serikali ilitaka kumtunuku cheo cha Msanii wa Taifa. Akasema atakipokea endapo mshairi Jose Lacaba atatolewa kizuizini. Akatolewa.

Mchana tuliingia duka la vitabu la Solidaridad, mtaa wa Padre Faura. Lilifunguliwa mwaka 1965 na F. Sionil José, likabeba jina la gazeti ambalo Wafilipino walioishi Hispania walilichapisha kuanzia 1889. Nilikaa humo saa mbili. Nilimuuliza muuzaji swali langu la jana, naye akanipa jambo nisilolijua: baada ya riwaya zake mbili, Rizal alianza ya tatu kwa Kitagalogi. Kalamu ikagoma. Akahamia Kihispania, na hakuimaliza. Watu huiita Makamisa. Mtu aliyelitikisa dola kwa maneno alikwama katika lugha aliyofundishwa na mama yake. Usiku huu naliwaza hilo kuliko yote niliyosoma. Nimeona wanafunzi wangu, waliosomeshwa kila somo kwa Kiingereza, wakitafuta neno la Kiswahili hewani kama mtu anayepapasa swichi gizani.

Alhamisi, 28 Machi

Tondo, mtaa wa Manila. Ndugu yangu, kama unataka kujua Kitagalogi kinakoishi, nenda Tondo Alhamisi Kuu.

Tuliposhuka kwenye jeepney, daladala yao, nilisikia kwanza spika. Katika kibanda cha turubai kando ya njia, wanawake sita na mzee mmoja walikuwa wakighani kitabu kinene, wakipokezana, na wengine wakisubiri zamu kwa vikombe vya kahawa. Hii ni pabasa. Wanaisoma Pasyon, kisa cha mateso ya Yesu kwa ushairi, tangu mwanzo hadi mwisho bila kukata, usiku na mchana. Mtunzi wa mwanzo kabisa wa utungo huu kwa Kitagalogi alikuwa Gaspar Aquino de Belen, mfanyakazi wa kiwanda cha uchapaji, mwanzoni mwa karne ya 18. Vidole vyangu vilianza kazi bila ruhusa. Mizani 8 kwa mstari, mistari mitano. Nane! Kipimo cha utenzi. Mahadhi yalikuwa ya kwao, dini ni nyingine, lakini ule ukaaji, mwanamke mmoja akiinua sauti wenzake wakimpokea, nimeuona ukumbini kwetu tangu nikiwa mtoto. Mama mmoja alinisogezea kiti. Binti alimweleza kwamba nimefunga, akanisogezea kivuli badala ya kahawa.

Wao wana bahari mbili za ushairi: awit, ya mizani 12, na korido, ya mizani 8. Mtoto wa shule anaanza na korido ya ndege wa ajabu Adarna, mwaka unaofuata anapanda kwenye awit ya Balagtas, mshairi wao mkuu, kisha zinamfuata riwaya mbili za Rizal. Miaka minne, vitabu vinne, nchi nzima. Nimeuonea wivu mpango huo.

Tarehe 6 Aprili 1924, hapa Manila, washairi wawili waligombana jukwaani kwa beti mbele ya umati: Jose Corazon de Jesus na Florentino Collantes. Mmoja akiwa kipepeo, mwingine nyuki, walikuwa wakiligombea ua. Katikati aliwekwa mwamuzi, lakandiwa, naye pia hunena kwa beti. Wakauita mchezo huo balagtasan, kwa jina la Balagtas, na miaka iliyofuata ukajaza kumbi. Malumbano, basi, ya kutoa hoja na kujibiwa papo kwa papo. Huyo de Jesus ndiye aliyetunga maneno ya Bayan Ko, nchi yangu, wimbo wa ndege aliyefungiwa tunduni. Alifariki mwaka 1932 akiwa bado kijana, na zaidi ya miaka 50 baadaye umati uliomng'oa Marcos uliuimba barabarani.

Tondo ndiyo iliyomlea Amado V. Hernandez. Mwandishi wa habari, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alikamatwa mwaka 1951 kwa shitaka la uasi akakaa kifungoni zaidi ya miaka mitano. Mahakama ya Juu ilimsafisha kabisa mwaka 1964. Gerezani alitunga Isang Dipang Langit. Binti alianza kunitafsiria akakwama kwenye neno dipa, akaishia kutanua mikono yake yote miwili, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Pima! Wavuvi wetu wa Tanga wanapima kamba na kina hivyohivyo hadi leo. Pima Moja ya Mbingu: ndicho kiasi cha anga alichoweza kuona mfungwa kupitia dirisha. Katika Kiingereza ungehitaji maelezo. Katika Kiswahili neno lilikuwa limekaa likisubiri.

Na Tondo ndiko alikozaliwa Lualhati Bautista, mwaka 1945. Huyu ndiye kipenzi cha binti. Dekada '70 inamfuata mama wa watoto watano wa kiume chini ya sheria ya kijeshi, akianza kama mke mtiifu na kuishia mtu anayejua anachokisimamia. Aliiandika wakati Marcos yungali madarakani, ikashinda tuzo ya fasihi ya Palanca mwaka 1983. Wahusika wake wanachanganya Kitagalogi na Kiingereza kama watu wanavyochanganya kwenye jeepney, na nakiri kwamba mwalimu ndani yangu alikunja uso. Binti akaniuliza, "Tito, mama mzazi aseme vipi, kama kitabu cha sarufi?" Bautista alifariki Februari 2023. Binti ananionyesha picha ya nakala yake, kurasa zimeachana na uti.

Ijumaa, 29 Machi

Ijumaa Kuu, mji umefungwa. Nilikwenda kuswali Ijumaa kwenye Msikiti wa Dhahabu, Quiapo, hatua chache kutoka kanisa ambalo waumini wake walikuwa wamejaa hadi barabarani. Waislamu wengi wa mtaa huo ni Wamaranao wa Mindanao, kisiwa cha kusini. Baada ya sala, mzee mmoja aliyekaa ubavuni mwangu aliposikia nimefuata nini nchini kwao, aliniuliza kama nimesikia Darangen. Ni utenzi wa Wamaranao, sehemu 17, mistari 72,000, huimbwa arusini kwa usiku kadhaa. UNESCO iliutambua mwaka 2005. "Manila husema fasihi ya taifa huanza na Balagtas," alisema. "Sisi tulikuwa tukiimba kabla." Nimeiandika kama alivyosema.

Jumamosi, 30 Machi

Safari ya basi hadi Pangasinan, saa tano kwa sababu ya wasafiri wa Pasaka. Mashamba ya mpunga yamevunwa, yamebaki mabua. Nimelala njia nzima.

Jumapili, 31 Machi

Rosales, kwao Sionil José. Babu zake ni Wailokano walioteremka kutoka kaskazini kutafuta ardhi, wakaipata kisha wenye nguvu wakawanyang'anya. Hasira hiyo amejengea riwaya tano, kuanzia mwaka 1872 wa wale mapadri watatu mpaka enzi za Marcos. Aliziandika kwa Kiingereza na si kwa mpangilio wa matukio: mwanzo wa kisa, Po-on, ilitoka mwaka 1984, miaka 22 baada ya The Pretenders, ambayo ni ya nne katika mfululizo. Nilisimama kwenye ukingo wa shamba na kitabu mkononi, nikasoma ukurasa mmoja kwa sauti. Ni sentensi kavu, hazina maua, na mbele ya mabua yale nilielewa kwa nini.

Binalonan ni karibu. Alikotoka Carlos Bulosan, mtoto wa mkulima, aliyevuka bahari hadi Seattle mwaka 1930, akavuna matunda na kufanya kazi za viwanda vya samaki kama maelfu ya wenzake, akapigwa, akaugua kifua, akajisomea hospitalini. America Is in the Heart ilitoka mwaka 1946. Hakurudi tena nyumbani. Alifia Seattle mwaka 1956. Nimemsoma nikimwona dada yangu uwanja wa ndege wa Dar, na kile kisanduku chake cha kwanza. Watu wa nchi hii na watu wa pwani yetu wamekutana wapi, kama si kwenye jikoni za watu wengine?

Jumatatu, 1 Aprili

Mji unaitwa Balagtas. Zamani ni Bigaa. Sasa mji mzima umebeba jina la mshairi. Fikiria jambo hilo!

Ate alikuwa kituoni. Hatukuwahi kuonana, akanijua kwa pua, "ya dada yako." Nikampa kanga aliyotumiwa, doti nzima, na tende za Muscat. Aliikunjua kanga akaniuliza maandishi yanasemaje. Wema hauozi. Akayarudia mpaka yakakaa.

Francisco Balagtas alizaliwa hapa, kijiji cha Panginay, tarehe 2 Aprili 1788. Alikwenda Tondo utotoni kutumikia watu ili apate kusoma. Kulikuwa na mshairi maarufu huko, José de la Cruz, aliyekuwa akisahihisha mashairi ya vijana kwa malipo ya vifaranga, na kwa hiyo wakamwita Huseng Sisiw, Huseng wa Kifaranga. Siku moja Balagtas alikwenda mikono mitupu, akafukuzwa. Hakurudi, akajinoa peke yake. Baadaye, Pandacan, alimpenda mwanamke anayemwita Selya, mpinzani tajiri akafanya afungwe, na inasimuliwa kwamba utungo wake mkuu aliuanzia gerezani. Florante at Laura ilitoka mwaka 1838, beti 399. Muyaka bin Haji alikuwa bado hai Mombasa. Wazee wawili wa mizani, kila mmoja kwenye ufuo wake, na hakuna aliyejua habari za mwenzake.

Kisa amekipeleka Albania, mbali, ili wakaguzi wa Kihispania wasione kitu. Florante amefungwa kwenye mti msituni na maadui walioiba nchi yake, simba wawili wanamkaribia. Anayeruka kuwaua ni Aladin, mwana wa mfalme wa Uajemi, Mwislamu. Nilimwomba Ate arudie. Jukwaani siku zile Mwislamu alikuwa adui wa kupigwa mwishoni mwa mchezo, nao mapadri walipenda iwe hivyo. Balagtas akamfanya yeye ndiye anayekata kamba, anamkumbatia Mkristo, anakesha naye usiku. Mwisho wa kitabu Aladin anabatizwa. Hilo nalo limo, sitalificha. Lakini pale msituni hajabatizwa, na upanga wake ni upanga wa huruma.

Mistari minne ya daftari ni ubeti anaoulia Florante akiwa mtini. Ate aliujua tangu darasani. "Kwa nini huo?" nikamuuliza. Akaendelea kuikunja kanga. "Nyumba ile Muscat haikuwa na dirisha upande wetu," akasema.

Jumanne, 2 Aprili

Asubuhi kulikuwa na maua mbele ya sanamu ya mshairi, na watoto wa shule wakighani. Mmoja alisahau katikati, na mzee wa mboga aliyekuwa akipita na toroli akamtajia mstari unaofuata bila kusimama.

Ate anaishi na mama yake, mwalimu mstaafu, ambaye wote tunamwita Lola, bibi. Niliuchukua mkono wake nikaugusisha pajini. Alinieleza kwamba Balagtas alifia Orion, Bataan, mwaka 1862, na inasimuliwa aliwakataza wanawe wasiwe washairi. Afadhali wakatwe mikono. "Alikuwa na njaa," Lola akasema. "Mwenye njaa husema."

Lola alikataa tusile kabla ya magharibi, hata wenye nyumba. Saa kumi na mbili na dakika kumi tulifungua kwa tende, kisha ikaletwa samaki wa kuokwa wanayemwita bangus. Nilimtambua mara moja: mwatiko. Kisha nikatoa daftari.

Lola alivaa miwani, akaomba kalamu nyekundu. Miaka 40 ya ualimu haiondoki mkononi. Sa loob at labas ng bayan kong sawi, kaliluha'y siyang nangyayaring hari. Dada alikuwa ameandika nang. Lola akafuta, akaweka ng, ndivyo linavyoandikwa ingawa husomwa nang. Akasahihisha kong. Nikamweleza kinachonitatiza: sawi, hari, nalulugami, pighati. Kwetu kina ni silabi nzima. Wi, ri, mi na ti haziwezi kukaa kikao kimoja. Akatikisa kichwa. Kina chao, alisema, ni irabu na namna inavyoishia. Yako maneno ambayo irabu yake huachiwa itoke, na yako ambayo hukatwa kooni, ghafla, kama mtu aliyebanwa. Huwezi kuyachanganya. Haya manne yote hukatwa. Akayatamka, na kwa mara ya kwanza nikasikia: mwisho wa kila mstari, mlango mdogo ukifungwa.

Kalamu ilikuwa imefika kwenye ritifaa ya kwanza. Ikasimama. Lola akatazama ya pili, ya tatu, ya nne.

"Nani aliandika hii?"

"Dada yangu, Lola. Aliishia darasa la saba."

"Hata vitabu vyetu vya shule haviweki alama hii," akasema. Akafunika kalamu. Hizo nne hakuzigusa.

Akanigeuzia daftari. "Sasa andika ya kwenu hapa chini." Nilikuwa nikiihangaikia tangu basi la Pangasinan. Niliandika, na Ate akahesabu vidole akinifuata:

Nje na humu ndani, kwetu masikini,
Hiana katwaa, enzi mikononi,
Wema na busara, viko mavumbini,
Vimezikwa hai, shimo la huzuni.

"Kumi na mbili," Ate akasema. "Wote?" Lola akauliza. Tukahesabu tena, watu watatu, vidole mezani kando ya miiba ya mwatiko.

Tanga ilikuwa saa saba mchana na ushei. Nilimpigia dada kwa video. Alikuwa barazani, amejifunga kanga pacha ya ile niliyoileta. Ate aliichukua simu mkononi mwangu, na kwa muda hakuna aliyesema kitu, wanaangaliana tu. Kisha Ate akanyosha mkono mtupu juu ya meza, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama aliyeshika pasi, na dada yangu akaanza: Sa loob at labas.